Mapafu hayajai maji tu

Huku Moshi baridi ya mwezi wa saba ikishika kila mtu anakohoa, na kwenye misiba utasikia "mapafu yalijaa maji". Mimi niko maabara, nakata vinyama vya mwili wa mtu vilivyofungwa kwenye nta na kuvipaka rangi ili daktari avisome kwa darubini, na kila nikisikia hayo maji natamani niseme jamani pale kuna zaidi ya maji.

Pafu lenye afya ni jepesi, kata kipande tupia kwenye maji kinaelea. La aliyefariki kwa nimonia kali ya virusi ni zito, jekundu kuelekea zambarau, gumu mpaka usipoambiwa utadhani ini, ukilikata linatoa povu na majimaji yenye damu. Sa ukija kwenye darubini ndo unaelewa mtu alihangaika vipi. Kuta za vifuko vya hewa ni nyembamba mno, sehemu nyingi hazifiki hata elfu moja ya milimita, ndo maana oksijeni inapita. Kirusi kinaua seli zinazofunika hizo kuta, majimaji ya damu yanavuja na protini zake, yanachanganyika na mabaki ya seli zilizokufa afu yanaganda kuwa utando wa pinki umebandika ndani ya kifuko, wanauita utando wa hayalini. Mgonjwa anavuta hewa kwa nguvu zake zote ila haivuki kuingia kwenye damu. Kuta nazo zimevimba, limfosaiti, yaani seli nyeupe za kinga, zimejazana, na vimishipa vingine vina damu iliyoganda.

Aliyeishi wiki moja mbili zaidi unakuta seli mpya zimeanza kuzaliana kufunika palipoachwa wazi. Hii huwa inaniumiza sana, manake mwili ulikuwa unajitengeneza, muda tu ndo haukutosha.

Afu kuna hili la wagonjwa ambao hawakuwekwa kwenye mashine. Mtu akikaa kwenye mashine ya kupumulia, presha ya mashine na oksijeni nyingi navyo vinaweza kuleta utando uleule, kwa hiyo unabaki hujui kipi kimefanywa na kirusi na kipi na mashine. Ndo maana vinyama vya mafua ya 1918, yale yaliyosambaa dunia nzima, vina thamani kubwa, mashine hizo hazikuwepo. Kuna askari wa Marekani wa miaka 21 alifariki Septemba 1918 kambi ya Fort Jackson, kipande cha pafu lake kikahifadhiwa kwenye nta, na 1997 timu ya mtafiti wa Marekani Jeffery Taubenberger ikatoa humo vipande vya jeni za kirusi chenyewe, karibu miaka 80 baadaye!

Na wengi wa 1918 slaidi zao, vile vioo vya darubini vyenye vinyama, zina usaha pia. Kirusi kilichuna ngozi ya ndani ya njia za hewa, bakteria wa kooni wakashuka bila kizuizi, na antibayotiki hazikuwepo. Kwa hiyo kwenye nimonia kali daktari akikuandikia antibayotiki wakati kipimo kimesema ni kirusi, usikimbilie kusema hajui kazi, huenda anawawahi hao bakteria wanaofuata nyuma.