Gari Linalochagua pa Kulala

Juzi binti yangu kaniuliza kwa nini kila nikiegesha gari penye mteremko lazima pua itazame chini. Nikamjibu ni mazoea. Gari la sasa halina haja nayo hata kidogo. Yalianzia kwenye ile pikapu ya mjomba, ile nyeupe ya dizeli iliyopita kilomita 400,000 na kibao cha kuhesabia kikakwama humo humo.

Hadi naitwa, lilikuwa limeshauguzwa na wengi. Betri mpya, hita plagi (plagi za kupasha joto silinda kabla dizeli haijawaka) mpya zote nne, stata imefunguliwa na brashi zimebadilishwa. Ugonjwa ukabaki ule ule: asubuhi injini inazunguka weee, haiwaki, mpaka betri inaanza kuchoka ndipo inashika kwa shida, ikitetemeka na kutoa moshi mweupe. Ikishawaka, siku nzima unaizima na kuiwasha bila tabu. Mjomba alikuwa na maelezo yake mwenyewe: gari linachagua pa kulala. Likilala kwa jirani, asubuhi linawaka. Likilala nyumbani, linanuna. Watu wakacheka, na hakuna aliyekwenda kutazama tofauti ya sehemu hizo mbili.

Nilianza na umeme kwa kuwa unapimika haraka. Betri iliyojaa na kutulia usiku kucha husoma volti 12.6 hivi, hii ilisoma 12.5. Stata ikipigwa isishuke chini ya 9.6, ilishuka hadi 10.4, si mbaya. Kipimo ambacho wengi hukiruka ni cha volti zinazopotelea kwenye waya. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nguzo yenyewe na si kibanio chake, ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha bloku ya injini, kisha mtu apige stata. Ikizidi 0.3, waya wa athi, yaani wa kurudisha umeme kwenye betri, una kasoro. Hapa ilikuwa 0.6. Waya unaotoka chesisi kwenda kwenye injini ulikuwa umeota uchafu wa kijani chini ya boliti. Ukapigwa msasa, ukafungwa upya, ikashuka hadi 0.1, na injini ikazunguka kwa kasi unayoisikia kwa masikio. Haikuwaka. Magari makuukuu yana tabia hiyo: unakuta kosa la kweli kabisa, unalitengeneza, kumbe silo ulilolifuata.

Hita plagi sikuziamini kwa sababu tu ni mpya. Unafungua ule ukanda wa chuma unaoziunganisha, unapima kila moja kutoka kichwani hadi kwenye bloku. Nzima husoma omu 1 hivi au chini yake. Iliyokufa haisomi kitu. (Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe kwa zenyewe, maana nyaya zake nazo zinaweza kuongeza 0.2 au 0.3.) Zote zilikuwa nzima, na swichi ikifunguliwa ukanda ulipata zaidi ya volti 11. Rilei, swichi inayozipa umeme, inalia. Hapo hita zikaachwa.

Swali lililobaki ni la ekzosi. Dizeli isiyowaka huku inatoa moshi mweupe maana yake mafuta yanafika ila hayaungui: joto halitoshi au kompresheni, mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, imeshuka. Isiyotoa moshi wowote, mafuta hayafiki. Nikasimama nyuma, mjomba akapiga stata. Hakuna kitu. Akapumzisha betri, akapiga tena. Hakuna. Ule moshi mweupe uliokuwa ukiwasumbua wote ulikuja mwishoni kabisa, injini inapokaribia kushika. Kwa hiyo mafuta yalikuwa yanafika, lakini yanachelewa.

Solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu nikaisikiliza kwa kufungua swichi: tak, iko hai. Kwenye pampu za zamani kama hii unaweza kulegeza nati ya bomba kwenye nozeli na kutazama kama mafuta yanaruka, mikono na macho yakiwa mbali, kwa sababu presha yake inatoboa ngozi. Kwenye injini za komoni reli, zile za kisasa ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa, usithubutu. Mle presha huzidi baa 1,000. Sisi hatukufika huko. Nilitoa mpira wa kati ya filta na pampu, nikaweka mwangavu wa kipenyo cha ndani cha milimita 8, unaostahimili dizeli. Nikabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka ikawa ngumu, injini ikawashwa ikazimwa, mpira umejaa mafuta tupu. Gari likalala nyumbani, mahali pake pa siku zote, pua juu.

Alfajiri nikafungua boneti na tochi mdomoni. Nusu ya mpira ilikuwa tupu. Mafuta yalikuwa yamerudi nyuma yakaacha mstari uliolala upande, na juu ya mstari huo hakuna kitu ila ukungu mwembamba ulioshika kwenye kuta za mpira. Nikaminya pampu ya mkono: laini, inaingia mpaka mwisho bila ubishi. Nikapitisha kiganja chini ya filta, chini ya kila klipu, kwenye kila kona ya mpira hadi kwenye bomba la chuma. Kukavu. Ardhini hakuna hata tone. Nikamwambia mjomba apige stata kidogo tu, nikaona ule mstari ukianza kusogea kuelekea kwenye pampu, na nyuma yake likafuata povu, vipovu vidogo vidogo vimepangana, vinaendelea kuja bila kuisha.

Ukavu ule ndio uliokuwa umewapoteza waliotangulia, na hawana lawama. Tanki liko chini, pampu inavuta. Mpira wote wa kati unafanya kazi kama mrija. Tundu kwenye mrija halimwagi, linaingiza upepo. Usiku gari likiwa limeinua pua, uzito wa mafuta yenyewe unayarudisha tankini, na upepo unashika nafasi. Kwa jirani kulikuwa na mteremko wa kushuka: tanki juu, injini chini, mafuta hayana pa kukimbilia.

Ukitaka tundu lijitaje, geuza presha. Nilichomoa mpira wa kutoka tankini, nikaufunga ule unaoingia kwenye filta kwenye dumu dogo la dizeli safi lililowekwa juu ya paa, juu kuliko kila kitu. Nikafuta filta na kichwa chake kwa kitambaa mpaka vikakauka kabisa, nikatoa upepo, nikangoja. Sasa mafuta yalikuwa yanasukuma badala ya kuvutwa, na kitundu kile kile kilichokuwa kinaingiza upepo kikaanza kutoa jasho: pete nyembamba ya dizeli chini ya raba ya pampu ya mkono. Raba ilikuwa imepasuka kwenye mkunjo, mahali usipopaona mpaka uibonyeze.

Kilichofuata hakina hadithi. Kichwa cha filta kikabadilishwa pamoja na pampu yake, filta mpya, mpira wa zamani wote ukaondolewa na klipu zake, maji yakamwagwa kwenye kikombe cha chini. Asubuhi yake, pua juu, likawaka mara moja.

Ningeishia hapo, ila kwa kuwa hita zilikuwa zinatoka tena kwa ukaguzi, nilipima kompresheni kupitia matundu yake: baa 27, 26, 27, na silinda ya nne 21. Injini nyingi za aina hii kikomo chake ni 20 hivi, na tofauti kati ya silinda isizidi 5. Sasa mtu anaweza kuuliza: ingekuwa na kompresheni ya ujana wake, upepo ule kidogo ungeisumbua hivyo? Sijui. Njia ya kumwaga kijiko cha oili ili kuona kama ni ringi siiamini kwenye dizeli. Chemba ni ndogo, oili yenyewe inajaza nafasi na kipimo kinapanda hata kama ringi zimekwisha. Nikapima nafasi za valvu, nikakuta ya ekzosi ya silinda hiyo imebana. Shimu, kile kibati cha kurekebisha nafasi ya valvu, nyembamba zaidi ikapandisha hadi 23. Kilichobaki ni ringi au kiti cha valvu, na kwa hilo ingebidi kufungua kichwa cha injini. Hatukufungua.

Mjomba aliniuliza kama gari limepona. Nikamwambia linawaka, mjomba. Akasema hilo hajaniuliza.