Gorogoro ya Buluu

Kezia ameanza darasa la kipaimara. Juzi tulikuwa tunachambua sukuma jikoni, akaniuliza bila kuinua kichwa: "Mama, ukila Meza ya Bwana na bado umemkasirikia mtu, inahesabika?"

Nilinyamaza. Kilichonijia ni ile gorogoro.

Mliokaa mtaa wa Huruma, Nairobi, mnaikumbuka. Mkebe wa kilo mbili ambao mama aliupaka rangi ya buluu ili usichanganyike na ya wauza nafaka wengine. Alipima nayo maharagwe, mahindi, ndengu, na alikuwa na tabia ya kuongeza konzi moja juu hata kwa mteja asiyemsalimia.

Kura za urais zilipigwa tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na mwaka mpya ulitukuta hatuna kibanda. Ya usiku ule sitayarudia. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi, baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini Kenya. Sisi tulitoka wazima, tukalala kwa shangazi Kariobangi. Ila jambo moja nililiona kwa macho yangu: Daudi, kijana wa jirani yetu, niliyemfundisha mwenyewe Shule ya Jumapili, alipita kwenye mwanga wa moto na gorogoro ya mama kwapani.

Jumapili ya tarehe 6 Januari, mama akasema twende kanisani. Nilibisha. Akavaa kitambaa chake cha Umoja wa Akina Mama, akatoka, ikabidi nimfuate.

Tulikuwa watu kama thelathini katika kanisa la mabati ambalo kwa kawaida watu husimama hadi nje. Waliozoea kuketi pamoja walikuwa wameketi mbalimbali, na kila mtu alijua kwa nini. Kaki za ushirika zilikuwa zimekwisha, na matatu za kwenda mjini kununua nyingine hazikuwepo. Maduka ya mtaa yalikuwa yamefungwa. Divai ilibaki nusu chupa. Kasisi akasimama mbele akauliza: nani ana unga wa ngano nyumbani?

Baba Daudi aliinuka akatoka. Aliporudi alikuwa na unga, na unga ulikuwa ndani ya gorogoro ya buluu.

Mpaka leo sijui kama alijua mkebe ule ulifikaje kwake. Huenda aliukuta tu jikoni. Huenda aliuleta makusudi, kwa kuwa hakuwa na maneno. Mama aliupokea kwa mikono miwili. "Asante, Baba Daudi." "Haya, Mama Ruthi." Hawakuongeza neno.

Mama alikandia unga vestri, chumba cha kasisi cha kuvalia, jiko likawashwa nje. Kasisi alimwambia asitie hamira wala mafuta, kwa maana Waisraeli walitoka Misri wamebeba mabegani unga uliokandwa na ambao haujachacha. Mama akajibu kwamba yeye pia alikimbia usiku, ila yeye hakubahatika kubeba unga. Kasisi hakusema kitu. Harufu ya chapati kavu ikaingia kanisani, na watu ambao hawakuwa wamekula vizuri wiki nzima wakaanza kumeza mate wakati wa zaburi.

Tulipoitwa mezani nilipiga magoti kati ya mama na ukuta. Nafasi ya upande wa pili wa mama ilikuwa wazi, maana hakuna aliyetaka kuijaza. Akaja Baba Daudi. Akapiga magoti pale, pole pole, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu.

Kasisi alianzia upande wake. Alimega chapati, akamwekea kipande kiganjani. Nilitazama mkono ule. Ulikuwa mkono wa fundi viatu, una gundi nyeusi kwenye kucha, na ulikuwa unatetemeka. Sote tulikuwa tumezoea: ukishapewa, unakula. Yeye hakula. Alikaa na kipande chake mkononi, macho chini, mpaka mama akawekewa chake. Mama naye akaangalia kiganja chake, akaangalia cha Baba Daudi. Ndipo wakala, kwa pamoja.

Kisha kikombe. Baba Daudi akanywa. Kasisi akapangusa ukingo kwa kitambaa cheupe, akakizungusha kidogo, mama akanywa, tena si kwa kuonja tu. Kikanifikia. "Damu ya Kristo." Nilisema amina, nikabana midomo. Divai ilinigusa mdomo wa juu, ikaishia hapo. Nadhani kasisi aliona.

Mwisho wa ibada tulirusha mikono kuelekea msalabani, kama tufanyavyo Waanglikana wa Kenya tangu ibada ile ya mwaka 1989, kuzituma huko shida zetu zote. Niliurusha na wangu. Macho yalikuwa kwenye mkebe.

Tangu utotoni nilihubiriwa Wakorintho wa Kwanza sura ya 11 kwa kutishwa: mtu ajihoji, asije akala hukumu yake. Mahubiri yaliishia hapo. Nilikuwa mtu mzima nilipoisoma sura yote, nikaona kilichomuudhi Paulo: wenye navyo walikuwa wanatangulia kula na kulewa, na wengine wanakaa na njaa. Anapofika mwisho anawaambia neno la kawaida kabisa, kwamba wakikutana kula wangojane. Nilisoma hapo nikakiona kile kiganja chenye gundi.

Baada ya ibada mama aliiosha gorogoro, akaikausha, akaiweka kwenye dirisha la vestri. Baba Daudi hakuijia. Sisi pia hatukuijia. Mama hakuwahi kutamka kwamba amesamehe, wala yeye hakuwahi kuomba. Tulipohama Huruma, gorogoro ilikuwa bado pale, inawekewa mishumaa.

Haya yote nilimsimulia Kezia, sukuma ikanyauka mezani. Akawaza. "Kwa hiyo ya nyanya ilihesabika. Yako je?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nimeipokea Meza ya Bwana mara nyingi tangu siku ile, na kila kikombe kinapokuja upande wangu huwa nimeshafungua mdomo kabla hakijanifikia.