Nilivyofundisha metali kwa mrututu, mkaa na mivukuto

Nafundisha Kemia katika shule ya kata, huku kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Maabara hatuna. Kila nikifika kwenye metali, wanafunzi huimba orodha ya ukali wa kumenyuka, kuanzia potasiamu mpaka dhahabu, bila kuruka hata moja. Ukiwauliza kwa nini chuma hutolewa kwenye mawe yake kwa mkaa na alumini haitoki kwa njia hiyo, darasa zima kimya. Jibu limo ndani ya orodha hiyo hiyo wanayoiimba, ila hawajawahi kuiona ikifanya kazi. Nikaamua tuione, kwa vitu vya hapa hapa.

Nilianza na mrututu, ile chumvi ya buluu ya dukani. Haukosekani huku, maana wakulima wameupulizia kahawa miaka mingi kuzuia ukungu, na ndani yake mna shaba. Tuliuyeyusha kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa, tukatumbukiza msumari uliosuguliwa kwa msasa. Muda mfupi tu msumari ukawa mwekundu, umevaa shaba, na maji yakaanza kufifia ubuluu. Chuma kimeingia majini, shaba imefukuzwa. Hapo orodha ikaanza kuwa na maana: aliye juu anamtoa aliye chini.

Kisha nikawapa karatasi ya alumini ya kufungia chakula. Alumini iko juu ya chuma, kwa hiyo wote walitegemea kishindo. Hakuna kilichotokea. Karatasi ilikaa inang'aa vile vile, na wengine wakaanza kusema orodha ni ya uongo. Nikaongeza kijiko cha chumvi ya kupikia. Ghafla mapovu, mvuke, chupa ikapata moto hadi haishikiki, na karatasi ikaliwa ikabaki tope jekundu la shaba. Alumini hujifunika ngozi nyembamba sana ya oksaidi, yaani alumini iliyoshikana na oksijeni, nayo ndiyo inayotufanya tuione metali pole. Chumvi huitoboa ngozi hiyo. Jaribio hili nalipenda kuliko yote, lakini lifanyike nje, mbali na moto, kwa sababu kati ya mapovu hayo kuna haidrojeni.

Sehemu ya pili ilihitaji joto kubwa. Mamba, jirani na Marangu, bado kuna wahunzi wanaotumia mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na mzee mmoja alikubali kutupokea. "Mwalimu, walete asubuhi," alisema. "Jua likipanda hapa hapakaliki."

Kabla ya siku hiyo tulichanganya maji ya mrututu na maji ya magadi. Likatuama tope la kijani, tukalichuja kwa kitambaa, tukaliosha vizuri na kulianika. Tulipolikaanga kwenye kikaango kibovu cha chuma likageuka jeusi. Hiyo sasa ni oksaidi ya shaba. Tuliichanganya na mkaa uliotwangwa, tukaijaza kwenye chungu kidogo chenye kifuniko. Chungu cha pili tukatia chokaa na mkaa. Vyote viwili vikaingia kwenye moto mmoja, mivukuto ikaanza.

Vilipopoa, chungu cha kwanza kilikuwa na punje za shaba, ndogo kama mtama, na mzee akaigonga moja kwa nyundo ikalala bapa bila kuvunjika. Chungu cha pili kilikuwa na chokaa tu, nyeupe ndani ya mkaa. Tulipoinyunyizia maji ikachemka na kufuka mvuke. Kalisi haikuiachia oksijeni yake hata kidogo. Kaboni si metali, lakini siku hiyo tuliiandika ndani ya orodha, kati ya alumini na zinki: walio chini yake huwanyang'anya oksijeni, walio juu yake haiwawezi.

Mzee naye akawaeleza kwamba zamani wahunzi wa Uchaga walipata chuma chao kutoka Upareni. Ugweno ulikuwa na ukoo wa Washana, mafundi wa chuma, na malighafi ilikuwa mchanga mweusi wa mitoni. Mchanga huo tuliuokota wenyewe kwa sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1538, joto ambalo tanuri za wazee wale hazikulifikia, na halikuhitajika. Mkaa uliiondoa oksijeni, likabaki bonge la chuma la kufuliwa, na mavi ya chuma, yaani taka za mawe zilizoyeyuka, yakatiririka pembeni.

Ndipo msichana mmoja akauliza swali ambalo nililisubiri sana: mbona mafundi wa mjini wanatengeneza sufuria kwa mkaa, na alumini inayeyuka? Inayeyuka, kwa nyuzi 660 tu, kwa sababu ni vyuma chakavu, oksijeni ilishatolewa zamani na mtu mwingine. Kuitoa kwenye boksiti, mawe yake ya asili, ndiko kugumu. Oksaidi yake huyeyuka zaidi ya nyuzi 2000. Mwaka 1886 Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua kuiyeyusha ndani ya madini ya kriolaiti yaliyoyeyushwa, kwenye nyuzi kama 950, kisha kupitisha umeme. Mpaka leo ndiyo njia inayotumika viwandani, na inakula umeme mwingi mno. Kuyeyusha chakavu kunatumia takriban asilimia 5 tu ya nishati hiyo. Wale mafundi wa sufuria wanastahili heshima kuliko wanayopewa.

Dhahabu nilimaliza kwa sentensi chache. Iko chini kabisa, haijashikana na oksijeni, kwa hiyo kazi ya migodi ya Geita ni kuitenganisha na mwamba.

Kwa mwalimu atakayejaribu: mrututu ni sumu, samaki ndio wa kwanza kufa, kwa hiyo maji yake yasifike kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Sisi tunatia sufi ya chuma na misumari mibovu, tunaacha mpaka ubuluu uishe kabisa. Wachina walikuwa wakikusanya shaba ya migodini kwa njia hii karne ya 11. Maji yaliyobaki tunayafukia kwenye shimo, na tope la shaba tunalikausha kwa ajili ya darasa la mwakani.