Siku moja ya msambaza samansi Tanga

Saa mbili kasoro asubuhi niko dirishani pa masjala kuchukua hati za leo. Kabla sijasaini rejesta naukagua kila wito, yaani samansi: jina la mdaiwa, namba ya shauri, tarehe ya kufika, saini, muhuri wa mahakama, na hati ya madai iliyoambatanishwa. Nakala ziwe mbili, moja ya kumwachia mhusika na nyingine irudi na saini yake. Muhuri ukikosekana narudisha palepale. Bora karani aninunie asubuhi kuliko kazi ya kutwa nzima ikataliwe mbele ya hakimu.

Saa nne, Chumbageni. Mlinzi wa kampuni ananyoosha mkono apokee. Simpi. Wito wa kampuni hupokewa na katibu wake, mkurugenzi au ofisa wake mkuu, au huachwa kwenye ofisi iliyosajiliwa. Nasubiri benchini hadi katibu atoke kikaoni. Aandike jina, cheo, tarehe na saa, ndipo agonge muhuri. Muhuri mtupu huzaa ubishi: "aliyepokea hatumjui." Na tarehe ina uzito wake, maana katika madai ya kawaida mdaiwa ana siku 21 tangu apokee wito kuwasilisha utetezi wa maandishi.

Gereza la Maweni halina mzunguko. Wito wa mfungwa nakabidhi kwa mkuu wa gereza, yeye ndiye humfikishia.

Ngamiani ndiko siku inakoishia. Mtoto anasema baba katoka, na viatu vya baba viko mlangoni. Siruhusiwi kusukuma mlango, basi nakaa barazani. Msichana wa kazi anataka kupokea. Sheria haimhesabu mtumishi kuwa mwanafamilia. Mke, mtu mzima anayeishi humo, angeweza kupokea kama mumewe kweli hayupo na hakuna dalili ya kumpata karibuni. Lakini pazia linacheza.

Mwishowe anatoka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hiyo karatasi sisaini. Nikisaini nimekubali deni."

"Hapana baba, hii ni saini ya kupokea tu. Deni utalikana mbele ya hakimu."

Hasaini. Hapa ndipo wageni wa kazi hii huharibu: huondoka na kuandika "amekataa," basi. Haitoshi. Namfuata mwenyekiti wa mtaa, naambiwa yuko msikitini, adhuhuri. Namsubiri juani. Tukirudi, yeye anaithibitisha nyumba, nami nabandika nakala kwenye mlango wa mbele, usawa wa macho, kwa gundi kwenye pembe zote nne. Si dirishani, si kwenye ukuta wa jirani. Kwenye hati halisi naandika saa, namna nilivyobandika, jina na anwani ya aliyenionyesha nyumba, na kwamba alishuhudia. Picha ya simu napiga, ila haichukui nafasi ya kiapo changu cha maandishi kwa mahakama.

Watu hutuona tumeleta balaa. Ukweli ni kwamba bila wito mtu anaweza kuhukumiwa asijue hata ameshtakiwa. Na mdai naye ana cha kupoteza: hukumu ya upande mmoja hutenguliwa mdaiwa akithibitisha kuwa hakupelekewa wito ipasavyo, na shauri linarudi nyuma. Ndiyo maana sikubali kuharakishwa, hata miguu ikiwaka moto.

Jioni, kiapo hicho mbele ya kamishna wa viapo, mwenye mamlaka ya kuapisha watu. Nakiandika kwa niliyoyaona mwenyewe. Niliyosikia nasema nimeyasikia kwa nani. Hakimu ndiye atakayeamua kama kubandika kule kunahesabiwa kuwa wito umefika.

Imebaki ya Makorora. Mdaiwa kahama, majirani hawajui aliko. Hii siibandiki kwa uamuzi wangu. Naandika nilikofika na niliowauliza, ili wakili wa mdai aombe amri ya wito mbadala, pengine tangazo la gazetini. Hakimu akikubali ndipo itatoka hati mpya.