Skolashipu ya hela yako mwenyewe

Wadau, huku Ithaca nilipo (ni jimbo la New York ila sio New York ya magorofa, huku ni milima, baridi na kulungu) kuna mwanafunzi mmoja wa zamani wa chuo kikuu cha Cornell namkubali sana, anaitwa Hu Shih, Mchina, alifika 1910 akiwa na miaka 18.

Tuanze na hela maana ndo tamu yenyewe. Baada ya vita ya Boxer (Wachina waliinuka kupinga wageni, wakapigwa na majeshi ya nje), mwaka 1901 China walibanwa wakubali kuyalipa mataifa ya nje fidia ya tael milioni 450 (tael ni kipimo cha Kichina cha uzito wa madini ya fedha), kwa miaka 39, inakatwa kwenye ushuru wa forodha na kodi ya chumvi. Marekani baadaye ikaonekana fungu lao limezidi hata hasara waliyopata, ndo 1908 wakaamua kurudisha sehemu, na ikakubalika isomeshe vijana wa Kichina huku huku Marekani. Yaani mama yako kanunua chumvi kijijini, kodi imevuka bahari, inarudi inaitwa msaada na unatakiwa ushukuru 😂

Mtihani wa kupata hiyo skolashipu ulifanyika Beijing, wakachukuliwa 70, Hu Shih akawa wa 55, kapenya hivyo hivyo. Wa pili alikuwa Yuen Ren Chao, naye akaletwa Cornell. Ila kozi sio unajichagulia tu, mpango ulitaka asilimia 80 wasome kilimo, uinjinia, migodi na vitu vya namna hiyo, serikali inataka reli na viwanda bwana, washairi wanao tayari. Hu Shih akaingia kilimo, na tusidanganyane, chuo cha kilimo kilikuwa hakitozi ada kwa hiyo kwenye bumu lake kinabaki cha kumtumia mama, mjane, yuko Anhui huko China anasubiri. Mnaotuma hela kila mwisho wa mwezi hapo mmenielewa.

Sasa likaja somo la matunda. Mezani kumepangwa maepo ya kila aina, unapewa mwongozo, unaangalia kikonyo, umbo, ganda, unalipasua uone ndani, halafu uandike hili ni aina gani. Wenzake watoto wa wakulima wa huku wanaangalia mara moja wanaandika wanasepa, yeye anapekua ukurasa kwa ukurasa masaa yanakatika na bado mengi anakosa. Mbona hao hao ungewawekea maembe, dodo, bolibo, sindano na viringe, wangelala hapo. Akajiuliza, hata nikiyakariri haya yote, China yenyewe mengi hayapo, yatanisaidia nini? 1912 akahama, akaenda fasihi na falsafa.

Na hakuhama akapotea. 1913 akaingizwa Phi Beta Kappa, ile jumuiya ya wanaofaulu sana, 1914 akachukua digrii, na mwaka huo huo akashinda tuzo ya insha kuhusu Robert Browning, mshairi wa Kiingereza, dola 50, Mchina anawashinda waliozaliwa na Kiingereza chao kwenye mshairi wao wenyewe! Dola 50 za wakati ule sio za kununulia soksi. Akaenda chuo kikuu cha Columbia, 1917 akawaambia Wachina waache kuandika Kichina cha mababu, waandike kama wanavyoongea, nchi nzima ikatikisika. 1938 akarudi Marekani ni balozi.

Chao yeye alikuja kwa hesabu, akaishia na PhD ya falsafa Harvard 1918 kisha akawa bingwa wa isimu. Wote wawili waliitoroka ile asilimia 80, na nadhani ndo hela iliyotumika vizuri kuliko zote kwenye ule mpango, wahandisi mtanisamehe.

Mwenye skolashipu ya kuruhusu kuhama kozi anipe link, maana barua ya skolashipu yangu imeandikwa kabisa hairuhusiwi, na maabara ya udongo kesho inaanza saa mbili asubuhi.