Friendship, Indiana: kijiji cha magobore

Kuna mzee nafanya naye kazi hapa Cincinnati, kila mwezi wa tisa anaomba likizo anapotea, ukimuuliza anasema nilikuwa Friendship napiga gobore, ile bunduki ya kushindilia baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu. Mwaka huu akaniambia twende wote ukajionee mwenyewe, nikasema poa mzee, mafuta tunachanga.

Ni mwendo wa saa moja na ushee hivi. Mnashika barabara ya 50, mnapita Lawrenceburg na Aurora huku mto Ohio uko kushoto, mkifika Dillsboro mnaingia ya 62 na hapo mji ndio basi tena, ni kona, vilima na mahindi yaliyokaukia shambani, na simu ikaanza kusumbua netiweki. Friendship yenyewe ni nyumba chache tu kando ya barabara. Ila kabla hujaona kitu unasikia mlio, na si ule mkavu wa bunduki za siku hizi, huu ni mzito, puuu, halafu moshi mweupe unatanda juu ya kijito cha Laughery na hauna haraka ya kuondoka.

Uwanja unaitwa Walter Cline, ni wa chama chao cha National Muzzle Loading Rifle Association kilichoanza 1933, na mashindano ya taifa ni mara mbili kwa mwaka, mwezi wa sita na wa tisa. Upande mmoja kuna watu wamepiga mahema, wamevaa ngozi na wanapikia kuni kama vile karne ya 18 haijaisha. Huko nilipita tu, mavazi hayanihusu sana.

Kilichonishika ni mafundi. Jamaa mmoja alikuwa anachimbia kufuli kwenye ubao, yaani ule mtambo wenye nyundo inayobana jiwe la gumegume, akaupaka masizi ya taa, akaubandika kwenye ubao, akautoa. Palipobaki alama nyeusi ndipo ubao unagusa, anakwangua kidogo kwa patasi, unyoya tu, anapaka tena masizi, anabandika tena. Nikasimama pale weee, nikaenda kula, nikarudi nikamkuta bado yuko kwenye kufuli lile lile na wala hana wasiwasi. Mti wenyewe ni mepo, wanachagua ule wenye mawimbi, ukiupaka tindikali iliyoyeyushiwa chuma na kuuacha ukauke huoni kitu cha maana, kirangi cha kijani kijani hivi kibaya, lakini anapousogezea moto tu unageuka palepale kuwa kahawia inayokaribia wekundu na milia ikajitokeza yote. Watu walipiga makofi aisee, kwa ubao!

Mzee akanipa historia tukiwa tumekaa. Hizi bunduki ndefu zilianzia kwa mafundi wa Kijerumani waliohamia Pennsylvania, maeneo ya Lancaster huko, miaka ya 1700, walikuja na zao fupi nene, wakaanza kuzirefusha na kupunguza tundu ili risasi na baruti visiliwe vingi, maana mtu anaingia porini miezi na vyote hivyo anabeba mgongoni. Mtutu una pembe nane kwa nje, na ndani una mifereji inayozunguka ili goroli, yaani risasi yake ya duara, litoke linajizungusha, ndiyo maana linaenda mbali bila kuyumba.

Mimi kwetu Sikonge, Tabora, gobore nimelijua tangu mdogo, babu mzaa mama alikuwa nalo la kibali. Na mafundi wapo, tena wazuri, ila fundi wa kwetu anafanyia porini kwa kujificha, mtutu ni bomba la chuma alilookota, akikamatwa ni kesi na gobore linaenda kuchomwa. Huku sheria ya shirikisho ya 1968 gobore la baruti nyeusi hata hailiiti silaha (majimbo mengine yana yao), na seti tu ya vipande vya kujiungia nyumbani inaweza kuvuka dola elfu moja. Ningependa siku moja fundi wa Sikonge akae meza moja na yule wa masizi, wasingehitaji mkalimani.

Mchana tukaenda mstari wa kupiga. Baruti unaipima kwenye kikombe chake kwanza, marufuku kuimimina moja kwa moja toka kwenye pembe ya kubebea baruti, maana cheche ikiwa imebaki mtutuni pembe nzima inakulipukia mkononi. Halafu kitambaa cha pamba kilichopakwa mafuta, goroli juu yake, unashindilia kwa mdeki mpaka likae kabisa juu ya baruti, pasiwe na nafasi. Baruti laini kidogo kwenye kisahani cha pembeni. Unavuta, unasikia chwii, ndipo puuu, na katikati hapo ndipo wageni wote wanaharibu, wanafumba macho moto ukiwaka usoni na mtutu unahama. Mimi nilishalelewa na gobore la babu kwa hiyo nilitulia, likaingia karibu na katikati, mzee akanikumbatia.

Kuna wale wanaolala kifudifudi mtutu ukiwa juu ya kigogo, wanapiga alama ya X, na pointi zao wanapata kwa kujumlisha umbali wa kila tundu toka kwenye X, zamani walitumia kamba kabisa, mwenye jumla fupi ndiye mshindi. Napenda hiyo, haina mambo mengi.

Jioni lazima uoshe kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, linanuka mayai viza balaa, kwa sababu baruti nyeusi ina kiberiti ndani na masalia yake yanavuta unyevu, ukilala nalo chafu asubuhi kuna kutu. Kurudi tulibishana njia nzima, mimi nataka kuunda la fataki, lile ambalo nyundo inagonga kikofia kidogo cha kulipukia badala ya jiwe, halichagui mvua sana, mzee anasema hilo ni la wavivu, la gumegume au basi. Ubao wa mepo ameshaniwekea gereji kwake, kufuli ndiyo hatujakubaliana.