Namna Tulivyofika Kitulo: Uzoefu Wangu wa Kuandaa Safari ya Wapiga Picha wa Ridhaa

Mara ya kwanza nilipojaribu kuwakusanya wapiga picha wenzangu wa Mbeya kwa safari ya pamoja, watu kumi na mmoja walithibitisha kuja, watano ndio waliofika Kabwe, mahali tulipopanga kukutana mjini, na wa mwisho kati ya hao watano alifika saa tatu na nusu asubuhi ilhali tulikuwa tumekubaliana saa kumi na mbili. Tulikuwa tunakwenda Ziwa Ngozi, lile ziwa lililomo ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, katika milima ya Poroto. Tulipomaliza kuupanda msitu wake wa mianzi na kufika ukingoni ilikuwa saa saba mchana, wingu lilikwisha kujaa ndani ya kreta, na ziwa tulilolifuata hatukuliona hata kidogo. Tulikaa pale dakika arobaini tukisubiri, kisha tukashuka huku mvua ikitunyeshea. Kamera ya mwenzetu mmoja, fundi umeme aliyeinunua kwa akiba ya miezi tisa, iliingia maji. Niliumia sana siku ile, kwa kuwa mimi ndiye niliyemsihi aje.

Nimeamua kueleza hapa namna safari iliyofuata ilivyofanikiwa, kwa sababu najua wapo wenzangu wa Iringa, Njombe, Songea na kwingineko wenye kamera kabatini, au wenye simu nzuri mkononi, ambao wangependa kutoka pamoja na hawajui waanzie wapi.

Kosa langu la Ngozi nililitambua baada ya wiki kadhaa. Nilikuwa nimeipanga safari kama watu wanavyopanga kwenda harusini: gari litoke saa ngapi, litafika saa ngapi, tule wapi. Sikujiuliza hata mara moja mwanga utakuwaje tutakapofika. Katika nyanda zetu za juu, wakati wa masika, asubuhi mara nyingi huwa ndiyo yenye anga safi, mawingu hujikusanya kadiri jua linavyopanda, na ikifika alasiri mvua huwa imeshika. Kwa hiyo mpiga picha anayetoka mjini saa tatu anakwenda kupiga picha ya mvua. Tangu hapo nimekuwa nikianza na saa ya mwanga ninaoutaka, halafu narudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka nipate saa ambayo kila mtu anapaswa kuamka.

Nilichagua Kitulo, na nilichagua mwezi wa Februari. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyoanzishwa mwaka 2005, ipo kwenye uwanda wa juu wa takriban mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Kuna zaidi ya aina 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi zinazoota ardhini, na maua hayo huchanua kati ya Desemba na Aprili, yaani katika miezi ileile ya mvua ambayo barabara huwa mbaya. Anayesubiri barabara ikauke hayakuti maua. Hilo lilinilazimu kuachana na wazo la kukodi Hiace, ambayo ingekuwa nafuu, na kutafuta Land Cruiser ya zamani yenye dereva anayeijua barabara ya kutoka Chimala kwenda Matamba, ile inayoitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake.

Baada ya kuchagua gari, hesabu ya watu ilijipanga yenyewe: wapiga picha saba na dereva. Nilikataa mtu wa nane, ingawa alikuwa rafiki yangu, na sijutii. Kila mmoja alichanga shilingi 80,000, jumla 560,000. Kati ya hizo 360,000 zilikuwa za gari na mafuta, 120,000 za malazi ya watu wanane kwa usiku mmoja, na 80,000 za chakula na dharura. Kiingilio cha hifadhi kila mtu alikilipa kando. Sharti lilikuwa moja: fedha ziwe zimeingia siku kumi kabla ya safari, na asiyelipa nafasi yake inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Nililiweka sharti hilo kwa moyo mzito, maana kwetu kumdai mtu mchango wa starehe kunaonekana kama ukosefu wa utu. Lakini ahadi ya maneno ndiyo iliyotuweka Kabwe hadi saa tatu na nusu. Wawili walichelewa kulipa, nafasi zao zikachukuliwa, na mmoja wao amekwishalipia safari ijayo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Jambo ambalo sikulitarajia kuwa na uzito mkubwa lilikuwa tofauti ya vifaa. Kati yetu saba, watatu walikuwa na simu tu: kijana wa bodaboda wa Mafiati, dada anayeuza vitenge Mwanjelwa, na mwanafunzi wa chuo. Katika matembezi madogo tuliyokuwa tukifanya mjini Jumapili jioni, kutazama mwanga wa mwisho ukiondoka juu ya mlima Loleza, niliona kwamba wenye simu walikuwa wakisimama nyuma, wanapiga picha mbili kwa haraka, kisha wanashika kazi ya kuwabebea wengine mifuko. Hawakufukuzwa na mtu. Mazungumzo yetu ya lenzi na vipimo vyake vya milimita ndiyo yaliyowasukuma pembeni. Kwa hiyo kwa Kitulo tuliwapanga watu wawiliwawili, mwenye kamera na mwenye simu, na dereva wetu, ambaye alionyesha hamu ya kujifunza, akawa pamoja na mzee mmoja mwalimu mstaafu mwenye lenzi ya milimita 50 aliyoitunza kwa miaka mingi. Tulikubaliana kwamba mwenye kamera hatapiga picha ya ua lolote kabla mwenzake hajalipiga kwanza.

Tulitoka Mbeya Ijumaa saa nane mchana, tukapita Uyole na Igurusi, tukaiacha lami Chimala, na giza lilipoingia tulikuwa Matamba. Kulala Matamba ilikuwa gharama iliyopingwa na wengi, lakini niliisimamia. Mwezi wa Februari jua la huku huchomoza karibu saa 12:45 asubuhi, takriban dakika 20 baada ya Dar es Salaam, na hakuna namna ya kuondoka Mbeya siku hiyohiyo ukaupata mwanga huo ukiwa umetulia. Usiku ule tulikaa jikoni kwa mwenyeji wetu, karibu na moto, tukaelezana mambo matatu ya baridi: betri za akiba zilale mfukoni karibu na mwili, kwa sababu baridi hupunguza nguvu zake, kamera isikaribishwe motoni, kwa sababu kioo cha baridi kikikutana na joto hutoka jasho, na mtu akitaka kuingia ndani na kamera yake, aifunge kwanza ndani ya mfuko wa plastiki ili unyevu ubaki juu ya mfuko.

Asubuhi tulipofika uwandani palikuwa na ukungu mzito. Nilisikia nyuma ya gari mtu akisema kwa sauti ya chini, "Ngozi nyingine hii." Nilishuka kwanza, nikawaomba washuke wote. Ukungu una mafunzo yake. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kinachokiona kina rangi ya wastani, hivyo kikikutana na weupe mwingi huutia giza, na ukungu mweupe hutoka kama moshi wa kijivu. Anayejua hilo hubonyeza kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, akaongeza mwanga hatua moja. Mwenye simu hugusa kioo pale anapotaka, kisha hupandisha mwanga kwa kidole. Kijana wa bodaboda alifanya hivyo, akatazama picha yake, akanitazama mimi, akarudia. Alikuwa amepiga picha ya nguzo za uzio zikipotea moja baada ya nyingine katika weupe, na ile ya sita ilionekana kama mstari uliochorwa kwa penseli. Mpaka leo naiona kuwa picha bora ya safari nzima.

Ukungu uliinuka kama saa tatu kasoro. Hapo tukayaona maua, na kwa muda hakuna aliyezungumza.

Okidi moja ya rangi ya waridi, iliyosimama kwa urefu wa goti kando ya njia, ilituchukua karibu dakika hamsini. Umande ulikuwa bado umening'inia kwenye kila kikombe cha ua, lakini upepo ulikuwa ukilitikisa shina bila kupumzika, na kila picha ilitoka na ukungu wa mtikisiko. Dada wa vitenge ndiye aliyepata dawa. Alivua khanga aliyojitanda, akampa mwenzake ncha moja, wakaikinga upande wa upepo wakiwa wamepiga magoti njiani, na shina likatulia. Mwalimu akachukua kipande cha pazia jeupe la shela tulichokibeba, akakishika juu ya ua ili jua, ambalo lilikuwa limeanza kuwa kali, lisichome rangi. Kisha wakapokezana, mmoja anashika khanga, mwingine anashika shela, wa tatu anapiga. Fundi umeme, aliyekuwa ameazima kamera yangu ya zamani, alipoipata picha yenye tone moja la umande lililobeba ndani yake sura ndogo ya milima iliyopinduka, aliweka kamera chini, akakaa kimya.

Sheria yetu ya kutokuondoka njiani iliwaudhi wengine, kwa kuwa maua mazuri siku zote huonekana kuwa mbali kidogo. Niliitetea kwa nguvu zote, na nitaitetea tena. Viazi vya okidi za nyanda hizi vimekuwa vikichimbwa na kuuzwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na biashara hiyo imeangamiza maua mengi. Kuyalinda kulikuwa miongoni mwa sababu za kuifanya Kitulo kuwa hifadhi. Kwa hiyo pamoja na kubaki njiani, kila mwenye simu alizima kipengele cha mahali kabla ya kupiga picha, kwa kuwa picha ya simu inaweza kubeba ndani yake taarifa za mahali palepale uliposimama. Anayeiona picha yetu atajua kwamba ua hilo lipo Kitulo, na hilo linatosha.

Mchana mawingu yalijikusanya kama tulivyotarajia, tukashuka Matamba kabla ya mvua. Njiani tulimpita bibi mmoja aliyekuwa akitoka shambani na ndoo ya viazi kichwani, uso wake umepigwa na mwanga laini wa wingu. Nilimwona mwenzangu mmoja akiinua kamera dirishani, nikamgusa mkono. Dereva alisimamisha gari, mwalimu akashuka, akaamkiana naye kwa utulivu, akamwomba ruhusa.

"Mkinipiga, mtaniletea?" bibi akauliza.

"Tutakuletea, dada yangu," mwalimu akajibu.

"Wengi wamesema hivyo."

Alitua ndoo, akafuta uso kwa upande wa khanga, akasimama wima. Mwalimu alipiga picha tatu tu. Alinieleza baadaye kwamba aliupima mwanga usoni mwake akiwa karibu, kwa sababu angeupima pamoja na anga jeupe lililokuwa nyuma, uso wa bibi ungetoka mweusi usio na sura, na jambo hilo, alisema, ni dharau ambayo kamera huwafanyia watu wetu kila siku mpiga picha asipokuwa makini.

Wiki mbili baadaye tulikutana kuziangalia picha. Kila mtu alileta tano, si sita, na kazi ya kuchagua tano kati ya mia tatu iliwafundisha watu mengi kuliko maelezo yangu yote. Tuliwekeana utaratibu kwamba kabla ya mtu kusema picha ni nzuri au ni mbaya, aeleze kwanza anachokiona ndani yake, na mwenye picha anyamaze mpaka wengine wamalize. Tulikesha hadi saa nne usiku.

Picha ya bibi tuliisafisha Mwanjelwa kwa ukubwa wa karatasi ya A4, tukaitia ndani ya bahasha ngumu pamoja na nakala mbili ndogo, tukamkabidhi kondakta wa basi la Matamba tukimweleza ni nyumba ipi, baada ya kona gani. Siku ya nne kondakta alimpigia mwalimu simu, kisha akampa bibi azungumze. Alishukuru, akauliza habari za yule dada wa khanga, halafu akasema kwamba jirani yake ana ng'ombe wawili na wajukuu watano, na angependa kujua sisi tutapita tena lini. Safari ijayo ni mwezi wa Aprili, kabla maua hayajaisha, na nafasi sita zimekwishalipiwa.